Risiti za Mama na Ardhi ya Musqueam

Mama yangu ana bati la biskuti ambalo tangu nilipopata akili sijaona biskuti ndani yake. Mna risiti. Vikaratasi vyembamba vya nakala, maandishi ya kaboni yamefifia, vimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka. Kila kimoja kina jina la babu, ingawa babu alifariki zamani, kwa sababu kubadilisha jina kwenye daftari la mwenye ardhi ni gharama nyingine. Chini ya jina: kodi ya ardhi, mwezi fulani, kiasi fulani, sahihi ya karani.

Nyumba yetu iko Majengo, Mombasa. Kuta ni zetu, mabati ni yetu, na baraza tunalokaa jioni ni letu. Ardhi iliyo chini ya hivyo vyote si yetu. Wanasheria wana jina lake, nyumba bila ardhi, na mtaani kwetu si jambo la ajabu: mtu hujenga, huzaa, huzika wazee wake, na kila mwezi humlipa mwenye ardhi. Kwa hiyo nimekua nikijua kwamba kusema “ardhi hii ni ya fulani” si adabu ya mazungumzo. Ni sentensi inayokuja na mtu mlangoni, na mtu huyo ana daftari.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo masikio niliyokwenda nayo Kanada.

Nilifika Vancouver kusoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha British Columbia, UBC. Wiki ya kwanza tulikusanywa ukumbini, wanafunzi wapya kutoka kila pembe ya dunia, koti langu jipya bado lina harufu ya duka. Kabla ya jambo lolote, msemaji alisimama akasema kwamba tuko kwenye ardhi ya jadi, ya mababu, na isiyokabidhiwa, ya watu wa Musqueam, wenyeji asilia wa hapo. Kisha akatuonyesha milango ya dharura.

Nikageuka kutazama nyuma. Kweli nilidhani wenyewe wapo, kwamba mtu atasimama tumwone. Kwetu mwenye ardhi akitajwa, ama yupo ama karani wake yuko njiani.

Tangu siku hiyo nimeyasikia maneno hayo mara nyingi nisizoweza kuhesabu: kwenye mahafali, semina, utetezi wa tasnifu, vikao vya watu sita kwenye kompyuta. Katika vyuo na ofisi kadhaa nimesikia yakisomwa kwa kasi ya mtu anayesoma masharti nyuma ya tikiti. Nimesikia pia mtu akiyasema huku sauti inatetemeka. Kwa miaka kadhaa sikujua niyaweke wapi moyoni. Yalikuwa yananigusa na kuniudhi kwa pamoja.

Kilichonisaidia ni kuombwa kuyatafsiri. Wanafunzi wa Afrika Mashariki walikuwa wanaandaa jioni yao, chakula na ngoma na mashairi, na kijana mmoja akaniambia, “Dada, wewe Kiswahili chako ni cha Pwani, tufungulie. Na yale maneno ya ardhi uyaseme kwa Kiswahili.” Nikakubali haraka. Nilipokaa kuandika, kalamu ikagoma kwenye kitenzi cha kwanza.

Tunafanya nini hasa? Tunaitaja ardhi? Tunaitambua? Tunakiri? Kiswahili hakikuruhusu kuvichanganya. Kutaja ni kutamka jina tu, hata kasuku hutaja. Kutambua ni kumwona mtu ukamjua kwa sura yake, ukajua ni nani na ana haki gani. Kukiri ni kitu kingine kabisa: mtu hukiri kosa, hukiri deni. Ukishakiri deni mbele ya mashahidi, mazungumzo yanayofuata ni ya kulipa.

Halafu nikakutana na hilo neno kubwa, la kwamba ardhi haikukabidhiwa. Hapo ilibidi nisome, maana sikutaka kusimama mbele ya watu nikasema nisichokijua.

Sehemu kubwa ya Kanada ilichukuliwa kwa mikataba, mingi yake ya hila na mingine ikavunjwa baadaye, lakini mikataba ipo. Mkoa wa British Columbia ni habari nyingine. Ukitoa mikataba michache ya kisiwa cha Vancouver ya miaka ya 1850 na pembe ya kaskazini-mashariki iliyoingia katika Mkataba wa 8, karibu mkoa wote ulikaliwa bila mkataba wowote. Vancouver imo humo. Musqueam hawakuuza, hawakutoa zawadi, wala hawakuweka alama yao kwenye karatasi. Walikuwa na vijiji vyao kwenye mdomo wa mto Fraser tangu maelfu ya miaka, jiji likajengwa juu yao. Chuo kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1908, kikaanza kufundisha 1915, kikahamia rasi ya Point Grey mwaka 1925. Waliobaki wa Musqueam walikuwa wamesukumwa kwenye kipande kidogo kando ya mto, umbali mfupi tu kutoka hapo. Kipande hicho kiliitwa rizavu, neno ambalo babu zetu wa Kenya walilijua vizuri.

Na kulikuwa na sheria iliyonifanya nifunge kompyuta nikatoka nje kutembea. Sheria ya Wahindi ya mwaka 1876, ndivyo Kanada ilivyowaita wenyeji wa nchi, ilisema kwamba Mhindi atakayepata shahada ya chuo kikuu anaondolewa katika hadhi yake kisheria. Yaani anahesabiwa si mmoja wa watu wake tena. Nilikuwa nahangaikia shahada yangu ya pili. Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote. Nikafikiria mama mwingine, wa huku, ambaye mwanawe angerudi na karatasi ile ile na kwa sababu yake akapoteza haki ya kuwa mtu wa kijiji chake. Chuo kikuu kwao hakikuwa jengo lililokaa tu juu ya ardhi yao. Kilikuwa mlango ambao ukiupita, serikali inakufuta kwenye orodha ya wenye ardhi.

Sheria hiyo iliongezwa makali. Kuanzia 1927 hadi 1951 ilikuwa kosa kuchangisha fedha za kumlipa wakili kwa madai ya ardhi bila ruhusa ya serikali. Watu wamenyang'anywa, halafu wakakatazwa kumlipa wa kuwasemea.

Lakini kisa kilichoniingia mifupani ni cha kodi. Nilikisoma kama mtoto wa bati la risiti.

Rizavu ya Musqueam ilikuwa ya ekari 416. Katikati ya miaka ya 1950 klabu moja ya gofu jijini ilitaka kukodi ekari 162 za hapo, zaidi ya theluthi ya ardhi yote iliyobaki. Kisheria Musqueam hawakuweza kumkodisha mtu moja kwa moja. Iliwabidi waisalimishe kwanza ardhi hiyo kwa Taji la Uingereza, nayo serikali ya Kanada, kwa niaba ya Taji, iikodishe kwa faida yao. Mwezi Oktoba 1957 wakapiga kura kukubali, kwa masharti waliyoelezwa mkutanoni. Januari 1958 maofisa wakatia sahihi mkataba na klabu kwa masharti mengine, mabaya zaidi, bila kurudi kuwauliza. Miaka 75. Kodi ya dola 29,000 kwa mwaka kwa miaka 15 ya mwanzo, na kipindi kilichofuata ongezeko lilibanwa lisizidi asilimia 15.

Wenye ardhi hawakupewa nakala ya mkataba huo mpaka mwaka 1970. Miaka 12.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Mama yangu, anayelipa kodi kwa ardhi isiyo yake, ana risiti ya kila mwezi. Watu hawa walikuwa ndio wanaopokea kodi, kwa ardhi iliyo yao hata kwa hesabu ya serikali yenyewe, na hawakuwa hata na karatasi ya kuwaonyesha ardhi yao imepangishwa kwa shilingi ngapi.

Chifu Delbert Guerin na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwamba serikali ilikuwa imeshika ardhi ile kama mtu aliyewekewa kitu cha mwenzake akitunze, nayo haikuwa mwaminifu. Kiswahili kina neno lake, kizito kuliko la kisheria: amana. Serikali ilihini amana. Iliamriwa ilipe fidia ya dola milioni 10, na tangu hapo hukumu ya Guerin inasomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini humo. Jambo moja sitalisahau: mahakama ilisema pia kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi yao haikuumbwa na sheria ya Wazungu. Ilikuwapo kabla yao.

Kuna kesi nyingine ya kodi, ya mwaka 2000. Wapangaji wenye mikataba ya miaka 99 kwenye sehemu nyingine ya rizavu walikuwa wamelipa kodi ndogo kwa miaka 30, wakati wa kuipandisha kwa bei ya soko ukafika, wakakataa. Mahakama ile ile ikagawanyika, na walio wengi wakaamua thamani ya ardhi ihesabiwe kwa nusu ya ardhi ya jirani, kwa kuwa iko kwenye rizavu. Nusu. Uzio mmoja, udongo mmoja, mvua moja.

Sasa rudi ukumbini nami usikie maneno yale tena: ya jadi, ya mababu, isiyokabidhiwa. Kwa anayejua haya, hayawezi kusomwa kabla ya milango ya dharura kana kwamba ni tangazo la aina moja.

Wako wanaosema maneno haya yaachwe kabisa. Nimesikia hoja hiyo kwa wanaoona kero kukumbushwa, na hao sina la kuwaambia. Lakini nimeisikia pia kwa wenyeji asilia wenyewe, nayo naiheshimu: kwamba chuo kinajitakasa kwa sentensi moja, kisha kinaendelea kupangisha, kujenga na kuuza kama kawaida. Ni kweli kwamba desturi hii ilienea vyuoni kwa kasi baada ya mwaka 2015, Tume ya Ukweli na Upatanisho ilipotoa ripoti yake kuhusu shule za bweni zilizowachukua watoto wa wenyeji asilia wapatao 150,000 kutoka kwa wazazi wao. Tume ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Kusoma sentensi mwanzoni mwa mkutano si mmojawapo. Taasisi nyingi zilianza na kilicho rahisi.

Hata hivyo sikubali kwamba maneno yenyewe ndiyo ubaya, kwa sababu si mali ya vyuo. Wenyeji wa pwani ile walikuwa na utaratibu wao kabla ya chuo chochote, na wanao mpaka leo. Mitumbwi ikifika kijiji cha watu, haiparamii ufukweni. Hukaa majini, msemaji akajitaja ni nani na ametoka wapi, akaomba ruhusa ya kushuka. Wenyeji hujibu, ndipo watu hushuka. Mtoto wa Mombasa haelezwi hilo mara mbili. Ni hodi. Na hodi ina sehemu mbili: ya anayepiga na ya anayeitika. Ukipiga hodi ukaingia bila kusubiri, hukupiga hodi.

Hapo pia nililazimika kujitazama. Viza yangu ilitolewa na serikali ya Kanada. Niliomba, nikalipa ada, nikatoa alama za vidole, nikapewa muhuri. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mwenyewe mwingine wa kuombwa. Ningeweza kujitetea kwamba nami ni mtoto wa watu walionyang'anywa na Taji hilo hilo, na si uongo: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai yao kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Wengi, hasa Mijikenda, hawakudai, na wajukuu zao wanaitwa maskwota hadi leo. Lakini kuonewa kwetu Pwani hakunipi ruhusa Point Grey. Nimeingia kwa ufunguo aliotoa mtu aliyechukua nyumba.

Basi nikaandika. Nilichagua kukiri. Na kwa neno lile gumu nikaandika: ardhi hii haikuuzwa, haikutolewa, wala haikuandikiwa mkataba. Ilikuwa ndefu kuliko Kiingereza chake, lakini bibi yangu angeielewa.

Likabaki jina. Musqueam wenyewe huliandika xʷməθkʷəy̓əm, na wengi wakilifikia hulikwepa kwa kikohozi. Nilikwenda kusikiliza rekodi zilizotolewa na wenyewe, nikiwa na masikio ya madrasa. Herufi ile ya kwanza iko karibu sana na kh ya kheri, ila midomo imeviringwa. Ile θ ya katikati ni th ya thelathini, hiyo hiyo, ambayo mwalimu wetu alitufundisha kuweka ulimi baina ya meno. Nilifurahi peke yangu chumbani kama aliyeokota pete. Nikafanya mazoezi wiki nzima, kwenye basi, jikoni, nikipanga viazi vya mbatata kwenye sufuria.

Jioni ile nilisoma vizuri. Watu walinyamaza, hata wale wa nyuma waliokuwa wakipakua pilau. Nikamtumia mama video kwa WhatsApp, nikasubiri sifa.

Akanipigia kesho yake. “Nimekusikia, mwanangu. Umesema vizuri. Hao wenyewe walikuwako?”

“Hapana, mama.”

“Sasa ulikuwa ukimwambia nani?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea na habari za harusi ya jirani, nami nikabaki na swali lake.

Kuna mahali chuoni pananisaidia ninapokuwa na swali la aina hiyo. Ni nguzo ya mwerezi mwekundu iliyosimamishwa tarehe 1 Aprili 2017, iliyochongwa na James Hart, fundi wa Kihaida, wenyeji asilia wengine wa pwani hiyo. Katikati yake kuna shule ya bweni, na juu yake misumari ya shaba 68,000, iliyopigiliwa na waliosoma katika shule hizo, jamaa zao, watoto wa shule na watu wengine, kwa kuwakumbuka watoto waliofia humo. Ukikaribia unaona kwamba misumari haikukaa sawa. Mingine imelala kidogo, mingine imezama, mingine kichwa kimepinda. Mikono ilikuwa mingi, na si yote ilikuwa ya mafundi. Niliwahi kusimama hapo mvua ikinyesha, maji yakiteremka juu ya shaba, nikaona nimesoma maneno yangu peke yangu kwa ufundi mno.

Ukitoka hapo, mwendo si mrefu, utakuta mtaa mpya wa nyumba unaoitwa leləm̓. Ardhi yake ni sehemu ya ile iliyorudishwa kwa Musqueam katika makubaliano na serikali ya mkoa ya mwaka 2008, pamoja na uwanja wa gofu wa karibu na chuo. Musqueam wanajenga wenyewe. Wanaonunua nyumba hapo hawanunui ardhi, wanapata mkataba wa miaka 99, na ardhi inabaki ya wenyewe. Jina leləm̓ katika lugha yao, hən̓q̓əmin̓əm̓, maana yake ni nyumbani. Nilipita hapo jioni moja, taa zimewaka madirishani, mtu akiosha vyombo, nikafikiria kwamba watu hawa wote wanaishi kama mama yangu: nyumba yao, ardhi ya mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa jina. Sikuona kama aibu. Niliona ndivyo sentensi ile inavyopaswa kuonekana ikishashuka kutoka jukwaani.

Mwaka uliofuata tuliandaa jioni yetu tena, na mara hii tuliuliza mapema. Huku kuna tofauti ambayo wageni wengi hawaijui: mtu yeyote anaweza kukiri ardhi ni ya nani, lakini kukaribisha ni kazi ya Musqueam peke yao. Huwezi kukaribisha kwenye nyumba ya mwenzako. Tukaandika barua, tukasubiri jibu, tukabadilisha tarehe kwa ajili ya nafasi ya mzee atakayekuja, na tukapunguza fedha za mapambo ili tuweze kutoa bahasha inayostahili, kama desturi inavyotaka.

Alikuja mama mzee, na mjukuu wake akimshika mkono. Alikula kwanza. Kisha akasimama akasema kwa lugha yake, muda mrefu, bila karatasi, halafu akatufasiria kidogo tu. Alitutaka tumtajie tulikotoka, mmoja mmoja, si nchi bali mji au kijiji, na kila jina alilirudia mpaka aliyelitaja akatikisa kichwa kukubali. Kwa Majengo hakupata shida. Kwa Ng'ambo ya mwenzetu wa Unguja alijaribu mara nne, ukumbi mzima ukimsaidia.

Mwisho, watu wakikunja viti, mweka hazina wetu akatoa kitabu cha risiti, kwa kuwa hesabu za chama hukaguliwa. Yule mama akatia sahihi. Kijana akabaki ameshika kalamu juu ya mstari unaosema malipo ni ya nini. Akanigeukia, “Dada, hapa niandike nini? Kodi?”

Nikamwambia hapana, kodi ni zaidi ya hii, na si sisi tunaopanga kiasi. Nikafikiri kidogo.

“Andika kukaribishwa.”